CEO, injinia au fundi? Cheo cha kuandika kwa biznes kadi yako

Swali: "Habari mshauri. Mimi nafanya kazi ya kufunga sola, waya za nyumba na kamera za CCTV hapa Nairobi, sana sana Kasarani, Ruai na Utawala. Niko na diploma ya umeme, niko na leseni ya sola daraja la T2 kutoka EPRA, ile mamlaka ya nishati na petroli, na mwaka jana nilisajili jina la biashara kwa eCitizen. Niko na vijana wawili wa kunisaidia kazi ikiwa nyingi, na dada yangu ndiye anashika risiti na malipo, yeye alisoma CPA, ile ya uhasibu, akabakisha kidogo kumaliza. Sasa nataka kadi. Jamaa wa kuchapisha River Road aliniuliza 'cheo niandike nini?' nikakwama hapo. Kaka yangu anasema niandike CEO ndio watu wa mitaa ya matajiri kama Runda na Karen wanichukulie kwa uzito. Mke wangu anasema Director. Kwa saiti wote wananiita injinia kwa hivyo nilikuwa nafikiria kuweka Eng. mbele ya jina. Mimi naogopa kuonekana muongo lakini pia naogopa nikiandika fundi nitalipwa pesa ya fundi. Dada naye anataka CPA kwa kadi yake. Nisaidie kabla sijalipa, wameniambia bei nzuri ni nikichukua kadi elfu moja."

Ndugu yangu, umefanya vizuri sana kuuliza kabla hujatoa pesa, maana hapo mimi naona maswali matatu yamefungwa pamoja na itabidi tuyafungue moja moja. Kuna la sheria, yaani maneno ambayo huruhusiwi kuandika hata ukitaka. Kuna la biashara, neno gani litakuletea kazi. Alafu kuna hilo la moyoni, kuogopa kuonekana muongo na wakati huo huo kuogopa kuonekana mdogo, na hilo nalichukulia kwa uzito kuliko yote kwa sababu mtu akitoa kadi ambayo haiamini mwenyewe inaonekana hata vile anavyoitoa, anaipeana haraka haraka akiangalia kando.

Nianze na Eng. kwa sababu hiyo ndiyo inaweza kukuumiza. Kwa saiti mtu yeyote anayesimamia kazi anaitwa injinia, ni heshima ya watu, na hakuna ubaya wowote ukiitikia. Kadi ni kitu kingine kwa sababu hapo ni wewe umejitambulisha mwenyewe, kwa maandishi, kwa mtu unayemuomba pesa. Kenya tuko na Sheria ya Wahandisi ya 2011 ambayo iliunda bodi yao, EBK, na hiyo bodi ndiyo inaweka rejista. Mtu anaanza na digrii ya uhandisi inayotambuliwa na bodi, anasajiliwa kwanza kama mhitimu, anafanya kazi miaka isiyopungua mitatu ikihesabiwa, anapimwa, ndio aingie kwa rejista ya wahandisi kamili. Hao ndio wanaweka Eng. mbele ya jina. Kujitangaza kuwa mmoja wao na haumo kwa rejista ni kosa la kisheria, na majina ya waliosajiliwa yanatafutwa kwa simu na yeyote mwenye bando. Sasa fikiria hao wateja wa Karen unaowataka, mtu anayejenga nyumba kubwa huwa na msanifu na mara nyingi huwa na mhandisi wake wa umeme, mtakaa meza moja, na huyo mhandisi ataangalia kadi yako kabla hata hajaangalia kotesheni yako. Akishaona Eng. na hakujui, kazi yako yote nzuri ya miaka imeingia mashaka kwa sababu ya herufi tatu.

Lakini kuna mlango ambao watu wengi wa diploma hawajui uko wazi kwao. Mwaka wa 2016 ilipitishwa Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi na ikaunda bodi nyingine inaitwa KETRB. Hii ndiyo inasajili wanateknolojia na mafundi sanifu wa uhandisi, na mtu wa diploma kama wewe ana nafasi yake hapo kabisa, si kwa kubanwa pembeni. Ukishasajiliwa unaweza kuandika kwa kadi kwamba wewe ni fundi sanifu wa umeme aliyesajiliwa na KETRB, na hiyo hakuna mhandisi atakuuliza swali la kukuaibisha, badala yake atajua anaongea na mtu anayeelewa mipaka ya kazi yake. Mimi ningekuwa wewe hilo ndilo ningelifuata mwaka huu kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya gari la kazi.

Na leseni yako ya EPRA, kwa nini hujafikiria kuiweka kwa kadi? Umeitaja kwa swali kama kitu cha kupita tu na mimi naona ndicho kitu kizito kuliko vyote ulivyo navyo. Kanuni za sola zinasema mtu wa kufunga mifumo hiyo awe na leseni, na madaraja ni T1, T2 na T3, kila moja na mipaka yake ya mfumo gani unaruhusiwa kugusa. Mteja ambaye ameshachomwa na mtu wa kubahatisha, na Nairobi hao ni wengi, inverter imeungua kwa miezi michache na simu ya fundi haipatikani, huyo mteja akiona "Leseni ya EPRA T2" chini ya jina lako anapumua. Iandike vile ilivyo, T2, usiandike tu "EPRA" ukiacha mtu afikirie unaweza kila kitu. Tarehe ya kuisha kwa leseni usiweke, na namba yenyewe waweza kuiweka kwa kotesheni badala ya kadi, maana kadi itaishi muda mrefu. Kitu kingine hapo hapo, umesema unafanya waya za nyumba pia. Leseni ya sola ni tofauti na leseni ya fundi umeme, zote zinatoka EPRA lakini ni karatasi mbili, na ya umeme iko na madaraja yake kuanzia C2 mpaka A1. Kama ya umeme bado huna, basi hiyo kazi ya waya isiingie kwa kadi mpaka uipate. Sisemi hivi kukutisha, nasema kwa sababu nyumba ikishika moto swali la kwanza ni nani alifunga waya, na kadi yako itakuwa kwa droo ya jikoni ikiwa na jibu.

Twende kwa Director, maana mama watoto ana nia nzuri na pia hayuko mbali sana na ukweli. Ulichosajili eCitizen ni jina la biashara. Kisheria jina la biashara halijitenganishi na wewe, ni wewe tu unafanya kazi ukitumia jina lingine, madeni ya biashara ni yako na mali ya biashara ni yako. Mkurugenzi ni mtu wa kampuni, na kampuni chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015 ni mtu kivyake, ina jina lake, inashtaki na kushtakiwa yenyewe. Kwa hivyo ukiandika Director unamwambia mteja kuna kampuni nyuma yako. Mteja wa nyumba ya kawaida hatajali. Shida inaanza ukienda shule, kanisa kubwa, sako au kamati ya mtaa yenye mhasibu, kwa sababu hao wakikubali bei yako watakuitisha makaratasi na moja wapo ni CR12, ile karatasi ya kuonyesha wakurugenzi na wenye hisa ni akina nani. Biashara ya jina tu haina CR12, ina cheti cha usajili wa jina. Hapo hujaiba chochote, na bado unajikuta unaeleza kwa nini kadi inasema mkurugenzi na karatasi zinasema kingine, na mtu wa manunuzi akishaanza kuelezwa vitu huwa anahamia kwa faili inayofuata.

Najua utaniuliza si basi nisajili kampuni tu nimalize hayo maneno. Unaweza, siku hizi mtu mmoja tu anaweza kuwa mkurugenzi na mwenye hisa wa kampuni binafsi, na ikiwa mtaji uliolipwa haujafika milioni 5 sheria haikulazimishi kuwa na katibu wa kampuni. Lakini kampuni inataka kutunzwa, ina ritani zake za kila mwaka kwa msajili, ina PIN yake ya KRA na ritani zake za ushuru hata mwaka ambao haukupata kazi, na ukisahau faini zinajumlishana kimya kimya. Sajili kampuni siku ambayo kazi inakulazimisha, kwa mfano umepata tenda inayotaka kampuni au umefika mahali kazi moja ikiharibika inaweza kukumeza na nyumba. Kusajili kampuni ndio upate neno la kuandika kwa karatasi ya gramu 300, hapana. Kwa sasa neno sahihi la mtu mwenye jina la biashara ni mmiliki, na ni neno zuri, linasema pesa yangu iko hapa na jina langu liko hapa.

Sasa CEO ya kaka yako. Hakuna sheria niijuayo inayokukataza kuandika CEO, kwa hivyo hii ni ya kupima kibiashara tu. Cheo cha aina hiyo kinaeleza mahali ulipo ndani ya ngazi, kwamba kuna watu chini yako, kuna mameneja, kuna bodi labda, na wewe uko juu. Pale ambapo ngazi ipo kinasaidia sana, mtu wa nje anajua akiongea na wewe amefika mwisho. Pale ambapo ngazi haipo msomaji anatafuta hizo ngazi zingine na hazioni. Mteja wa Runda anapokea kadi ya CEO, alafu Jumamosi anakuona wewe mwenyewe uko juu ya paa ukishika panel, ukiteremka ukiomba maji, na hakuna aibu yoyote kwa hiyo kazi, ila kadi yako ndiyo imefanya ionekane kama kuna kitu kimepungua. Kama kadi ingesema wewe ni mtu wa sola mwenye leseni, kukuona juu ya paa kungekuwa ndio uthibitisho.

Na kuna kitu kwa upande wa bei ambacho watu hawafikirii. Ukijiita bosi wa mwisho mteja anajua hakuna wa kumuuliza zaidi, atakukaba hapo hapo, "wewe ndio mwenyewe, nipunguzie sasa hivi nikulipe." Mtu ambaye kadi yake inasema kazi yake anaweza kusema ngoja niende nipige hesabu nikutumie kotesheni jioni, na inasikika kawaida. Sisemi uwe na cheo cha chini ndio ujifiche, wewe ni mmiliki na ukiulizwa useme. Ila hakuna haja ya kuanza mazungumzo na hilo.

Upande wa pili niwe mkweli pia, kuna mahali CEO au mwanzilishi inasaidia. Ukienda mikutano ya wafanyabiashara, ukitafuta mtu wa kukupa mtaji, ukiongea na msambazaji wa vifaa unataka akupe kwa mkopo, hao wanataka kujua kama wewe ndiye mwenye kuamua au umetumwa. Hapo "mwanzilishi" au "mmiliki" inafanya kazi hiyo hiyo bila kudai ngazi ambazo hazipo. Kitu ambacho ningekuomba usifanye ni kurundika, zile kadi za mwanzilishi na CEO na mkurugenzi mkuu zote kwa jina moja. Moja inatosha. Na maneno kama Group, International, and Associates kwa jina la biashara yacheki pia, kama hakuna hao wengine yaache.

Nije kwa hofu yako kubwa, kwamba fundi atalipwa pesa ya fundi. Sitakuambia hofu hiyo haina msingi kwa sababu iko nao. Nairobi ukimwambia mtu "mimi ni fundi" kwa kichwa chake tayari kuna bei ya siku, na ni bei ya mtu aliyepigiwa simu aje arekebishe soketi aende. Lakini angalia vizuri kinacholeta hiyo bei. Ni neno fundi likisimama peke yake, maana peke yake linaweza kuwa mtu wa mabomba, wa viatu, wa nguo, yeyote. Likipewa kazi yake mahsusi linabadilika uzito. "Fundi wa mifumo ya sola na betri" si mtu yule yule wa soketi, hata mteja hajui kwa nini lakini anahisi. Cheo kinapanda kwa kuwa wazi zaidi, na CEO haiko wazi, haisemi hata kama unauza maziwa au unafunga kamera.

Tena bei haiamuliwi na kadi, kadi inakufikisha mlangoni. Inaamuliwa na kotesheni yenye hesabu ya mzigo wa umeme wa nyumba, friji inakula ngapi, pampu ya maji inakula ngapi, usiku wanatumia nini, alafu panel za saizi gani, inverter ya ngapi, betri ya aina gani, dhamana ya kila kifaa na dhamana ya kazi yako mwenyewe. Ukimpa mtu wa Karen karatasi ya namna hiyo atakulipa vizuri hata kadi yako ikisema fundi, na ukimtumia ujumbe wa "jumla itakuwa laki tatu na nusu hivi" atakuhesabu kama fundi hata kadi ikisema CEO.

Kuna jaribio dogo ambalo napenda kuwapa watu na halina gharama. Fikiria vile watu wa Nairobi wanasevu namba. Hakuna mtu anakusevu na jina lako la pili, wanasevu jina na kazi na mtaa, Kevo Fundi Sola, Wanjiru Keki Umoja, Otieno Mabomba Roysambu. Miezi sita baadaye taa zimezima na betri imekataa kushika chaji, mtu anafungua simu anaandika "sola", si "CEO". Cheo chako cha kadi kikifanana na kile mtu angeandika kwa simu umeshinda, kwa sababu unamsaidia kukukumbuka kwa neno ambalo atalitafuta akiwa na shida. Kwa hivyo andika machaguo mawili matatu kwa karatasi, waonyeshe watu ambao hawaijui kazi yako vizuri, jirani, mwenye duka, mtu wa kanisani, uwaulize tu "ungenisevu aje?" Wakikuuliza "kwani unafanya nini hasa" hicho cheo kitupe.

Jambo lingine linaloangusha watu wazuri ni majina kutofanana. Mteja anasoma kadi ina jina moja, anaenda kulipa kwa till ya Lipa na M-Pesa linatokea jina lingine kabisa, alafu risiti ina la tatu. Na watu hapa wametapeliwa mpaka wamechoka, akiona hivyo anaghairi na kukupigia kukuuliza, au hakuulizi. Hakikisha jina la biashara kwa kadi ni lile la cheti, neno kwa neno, na ndilo linalotokea mtu akilipa. Usiongeze Limited kama si kampuni, hilo si pambo.

Vijana wako wawili nao wasisahaulike. Ukimchapishia kijana kadi iliyoandikwa Meneja, mteja ana haki ya kuamini anaweza kukubaliana naye bei na kumpa diposti, na kijana akipotea na hiyo diposti sheria inaweza kukuwajibisha wewe, kwa sababu ni wewe ulimwonyesha kwa watu kama mtu mwenye mamlaka. Cheo ni mamlaka unayompa mtu hadharani. Kwao ningechapisha kadi za biashara tupu, jina la biashara, kazi mnayofanya, simu yako, na nafasi ya kuandika jina kwa kalamu. Wanaweza kugawa wakitoka kazini na hakuna hatari.

Dada yako, mwambie kwa upole maana najua mtu akishasoma vile amesoma na kulipia mitihani ile ya KASNEB anajiona amefika, na kweli amefika mbali. Lakini CPA ni jina linalolindwa na Sheria ya Wahasibu ya 2008. Kufanya mitihani ni hatua moja, na hata akimaliza yote kuna hatua ya kujisajili uanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu, ndio jina likae kwa kadi. Kwa sasa aandike "Hesabu na Malipo" au kama kadi ni ya Kiingereza kitu cha maana hiyo hiyo, na hilo kwa biashara yenu ni bora zaidi kwa sababu mteja anayetaka risiti ya eTIMS, ile ya KRA, anajua nani wa kupigia. Umtie moyo amalizie hiyo mitihani iliyobaki. Na wasomaji wengine ambao si wa umeme, hii inawahusu pia, maneno kama wakili, msanifu majengo, mkadiriaji wa ujenzi, mthamini, daktari, hata wakala wa nyumba, yote yako na sheria yake na bodi yake hapa Kenya. Na neno kontrakta kwa kazi za ujenzi liko chini ya NCA, mamlaka ya ujenzi, na kazi za umeme za majengo ni sehemu ya wanaowasajili. Cheti kwanza, wino baadaye.

Kuhusu lugha, wengi wanachapisha Kiingereza na kwa wateja wako wa Runda iko sawa, lakini kazi yako nyingi iko Ruai na Utawala na huko kadi ya Kiswahili inasomeka na kila mtu nyumbani mpaka shosho. Kadi ina pande mbili, tumia zote mbili.

Sasa hiyo kadi elfu moja. Najua kwa nini bei inashuka, mashine kubwa ya ofset gharama yake iko kwenye kutayarisha, ikishaanza kukimbia kila kadi inakuwa rahisi. Lakini wewe uko katikati ya mabadiliko, KETRB unaenda kujisajili, labda T3 inakuja, labda kampuni mwaka ujao, na kila moja itabadilisha kile kinachofaa kuandikwa. Chapisha mia moja au mia mbili kwa dijitali, utalipa zaidi kidogo kwa kila kadi lakini hutabaki na maboksi manane ya kadi za uongo chini ya kitanda. Mwambie karatasi isipungue gramu 300, saizi ile ya kuingia kwa waleti kama milimita 85 kwa 55, na maandishi yasishuke chini ya pointi 8 kwa sababu wenyeviti wa kamati wengi wanasoma wakiwa wameshika kadi mbali. Hapo ndipo cheo kirefu kinakuadhibu, mchoraji anakipunguza mpaka kinakuwa kama sisimizi, kwa hivyo cheo kikae mstari mmoja. Laminesheni waweke upande wa mbele pekee, nyuma kusiwe na laminesheni ili mteja aweze kuandika kitu na kalamu, siku ya miadi au bei mliyoongea. Na usikubali kuangalia kazi kwa simu tu kupitia WhatsApp, chapishiwa moja ya mfano, soma namba ya simu herufi kwa herufi, pigia hiyo namba ukiwa umesimama hapo dukani.

Kama ningekuandikia mimi, leo ingekuwa jina lako bila Eng. na bila kitu mbele, chini yake "Fundi wa Sola na CCTV", chini yake "Leseni ya EPRA T2", jina la biashara kama lilivyo kwa cheti, simu, mtaa. Neno mmiliki naliacha liingie kwa kotesheni pale unapotia sahihi, maana hapo ndipo mtu anataka kujua nani anawajibika. KETRB ikikubali, mstari wa pili unakuwa "Fundi Sanifu wa Umeme" na kadi ya kwanza itakuwa imekwisha.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kukumalizia kutoka hapa. Kama umeshawahi kugawa kadi au kotesheni zenye Eng. au Director na kuna kazi imeleta mgogoro, usiandikiane na huyo mteja tena kabla hujaongea na wakili, nenda umuone huyo wakili uso kwa uso ukiwa na hizo karatasi zote. Kama kuna tenda inakuitisha CR12 na unataka kuhamisha biashara iwe kampuni, kaa na mhasibu wa ICPAK au wakili, kwa sababu kuna mambo ya PIN, mikataba inayoendelea na jina lenyewe kuhamishwa, na mpangilio wake unategemea una madeni gani. Ukikwama tu na eCitizen, Huduma Centre watakusaidia usajili wa jina bila ya wewe kumlipa mtu wa kati. Na kwa KETRB andaa vyeti vyako halisi vya diploma mapema, kama kimoja kimepotea anzia chuoni kwako kwanza.

Hiyo bei ya kadi elfu moja mwambie utarudi.